Daniel Morgan: mkulima wa jembe au wa karatasi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimekutana na jina la Daniel Morgan, jenerali wa vita vya uhuru wa Marekani. Maelezo yake mafupi yanasema alikuwa mkulima, askari na mbunge. Babu yangu naye alikuwa mkulima na askari. Alipelekwa Burma na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, akarudi na medali moja na baridi yabisi, jembe akalikuta palepale alipoliacha. Ubunge hakuwahi hata kuuota. Huyu Morgan, ambaye nasikia hata kuandika kulimpa shida, alifikaje bungeni? Na ile hadithi ya viboko 499 ni ya kweli au chumvi?" (Msomaji wa Iringa)

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umeliweka la viboko mwisho, lakini nahisi ndilo lililokuleta. Tuanze nalo, kisha twende shambani, kwani huko ndiko kwenye tofauti ya Morgan na babu yako.

Mwaka 1756 Morgan alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, dereva wa gari la farasi. Gari lilikuwa limekodiwa na jeshi la Waingereza kupeleka vyakula kwenye ngome za mpakani huko Virginia. Wakakorofishana na ofisa mmoja. Ofisa akampiga kwa ubapa wa upanga, naye Morgan, mtu wa futi sita na mikono iliyozoea magunia, akamlaza chini kwa ngumi. Katika jeshi lile, kumpiga ofisa ni viboko 500 mgongo wazi, na wachapaji ni wapiga ngoma. Miaka mingi baadaye, akiwa jenerali, Morgan alipenda kusimulia huku akicheka kwamba mpiga ngoma alikosea hesabu. Yeye mwenyewe alikuwa akihesabu kimoyomoyo, vikaishia 499, kwa hiyo Mfalme George bado alikuwa na deni lake la kiboko kimoja.

Makovu yalikuwepo, askari wake waliyaona kwa macho. Lakini namba 499 haina shahidi zaidi ya mdomo wa Morgan, na wapo waliokufa kwa viboko vichache kuliko hivyo. Mimi kipigo nakiamini, hesabu namwachia mwenyewe. La maana zaidi ni kwamba alipopata cheo hakupenda kuona mgongo wa askari ukichanwa mbele ya wenzake. Inasimuliwa kwamba mkosaji alimchukua pembeni wakamalizana kwa mikono, na mambo yakaishia hapo.

Alitoka wapi? Alizaliwa karibu na mwaka 1736, inaaminika ni New Jersey, kwa wazazi wenye asili ya Wales. Akiwa na miaka kumi na saba hivi aligombana na baba yake, akaondoka, na hakupenda kuulizwa habari za kwao. Alifika bonde la Shenandoah, magharibi ya Virginia, hana kitu. Alianza kwa kibarua cha kufyeka na kung'oa visiki, akasimamia kiwanda cha kupasua mbao, halafu akapata kazi ya kuendesha gari la farasi. Hakuchelewa kununua gari lake na farasi wake.

Hapo kwenye gari nakuomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo maisha yake yote yalipoanzia. Bonde lile lilizalisha ngano na katani, lakini wanunuzi walikuwa upande wa pili wa milima ya Blue Ridge. Mwenye gari ndiye aliyejua bei za pande zote mbili. Anateremka na unga, anapanda na chumvi, chuma na vitambaa, na kila anapolala anasikia nani anauza shamba na nani kafilisika. Ndiyo maana ukichunguza vijiji vyetu, mara nyingi mwenye lori anamtangulia mwenye shamba kuwa tajiri. Morgan alikuwa mwenye lori wa zama zile. Alikuwa pia mlevi, mcheza kamari na mpiganaji wa baa, na jina lake halikauki kwenye madaftari ya mahakama ya wilaya ya Frederick. Njiapanda moja ambako alikuwa akipigana ilibandikwa jina la Battletown, yaani mji wa mapigano, kabla haijaitwa Berryville.

Mwaka 1755 aliendesha gari kwenye msafara wa Jenerali Braddock wa Uingereza, ule ulioangamia karibu na mahali ilipo Pittsburgh leo. Yeye na madereva wenzake walirudi wamebeba majeruhi badala ya mizigo. Miaka michache baadaye alishambuliwa njiani na wapiganaji wa Wahindi Wekundu, wenyeji asilia wa nchi ile. Risasi ikaingia nyuma ya shingo, ikang'oa meno ya upande wa kushoto na kutokea shavuni. Alibaki juu ya farasi, kaishika shingo yake, farasi akamfikisha ngomeni. Kovu lile la shavu ndilo unaloliona ukitazama picha zake kwa makini.

Kisha akatulia. Alianza kuishi na binti aliyeitwa Abigail, wakapata mabinti wawili, Nancy na Betsy, na ndoa ikaja kuandikishwa mwaka 1773. Inasemekana Abigail ndiye aliyemfundisha kusoma vizuri zaidi na kumtoa baa. Hilo la kuandika umelisikia sawasawa. Barua zake zipo, na tahajia yake inachekesha mpaka leo, lakini mtu hapotei maana. Kufikia mwaka 1774 alikuwa na ekari 255 na watumwa wapatao kumi.

Sasa umelipata jibu la kwanza la neno "mkulima". Mtu aliyefika akiwa mng'oa visiki, baada ya miaka ishirini alikuwa akimiliki watu wa kumng'olea visiki. Babu yako alikuwa mkulima kwa maana ya kushika mpini. Morgan alikuwa mkulima kwa maana ya kuwa na hati ya ardhi na orodha ya watu. Katika Virginia ya karne ya 18, ukisikia mbunge fulani alikuwa mkulima, swali la kwanza la kuuliza ni shamba lile lililimwa na nani.

Vita vilipoanza mwaka 1775, Bunge la makoloni liliamua tarehe 14 Juni kuunda makampuni ya wadunguaji kutoka mipakani. Wilaya ya Frederick ilimchagua Morgan awe kapteni. Ndani ya siku kumi alikusanya watu 96, na kwa mwendo wa siku 21 akawafikisha Boston, zaidi ya kilomita 900, bila kupoteza hata mmoja njiani.

Silaha zao ndizo zilizowapa umaarufu. Askari wa kawaida wa wakati ule alibeba bunduki ya kujaziwa mdomoni yenye mtutu laini ndani, ndugu wa gobole letu. Ukilenga mtu wa hatua mia unamwombea tu. Bunduki za watu wa mipakani zilichongwa mifuo ya kuzunguka ndani ya mtutu, risasi inatoka ikizunguka, na fundi anampata mtu wa hatua mia mbili na zaidi. Ubaya wake ni mbili. Kuijaza kunachukua muda mrefu, na haina pa kufungia singe. Adui akikuwahi na singe kabla hujamaliza kusukuma risasi, umekwisha. Kumbuka hilo, litarudi.

Quebec, mji wa Kanada uliokuwa mikononi mwa Waingereza, nitaipita haraka ingawa wenyewe wanaiimba. Kikosi cha Benedict Arnold, kamanda wa Wamarekani, kilipita porini Maine baridi ikianza, watu wakala mbwa na ngozi za viatu, karibu nusu hawakufika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1775 walishambulia mji katikati ya dhoruba ya theluji. Arnold akapigwa mguuni, Jenerali Montgomery, mwenzake, akauawa upande wa pili wa mji, na Morgan akashika uongozi. Alikuwa wa kwanza kupanda ngazi kwenye kizuizi. Baruti ikamuunguza uso, akaanguka, akapanda tena. Ndani ya mji maofisa wenzake wakamshauri asubiri nguvu ziongezeke. Akasubiri, Waingereza wakajipanga, wote wakanaswa. Inasimuliwa kwamba upanga wake alikataa kumpa askari yeyote wa Uingereza, akamkabidhi padri aliyekuwa amesimama karibu.

Aliporudi alipandishwa kuwa kanali. Katika Saratoga, jimbo la New York, mwaka 1777, aliongoza wadunguaji kama 500 waliokuwa wakipanda miti na kuchagua maofisa na wapiga mizinga wa Waingereza mmoja mmoja. Aliwaita kwa filimbi ya mwindaji inayoiga sauti ya bata mzinga. Tarehe 17 Oktoba Jenerali Burgoyne alisalimu amri na jeshi lake lote, na Ufaransa ikaamua kuingia vitani. Kisha Bunge likawapandisha wengine na kumruka yeye. Mwaka 1779 akanuna akarudi nyumbani, akisingizia maumivu ya kiuno. Naandika "akisingizia" kwa tahadhari, kwani kiuno kweli kilikuwa kibovu.

Alirudi jeshini mwaka 1780, kusini kulipokuwa kumeharibika. Huko Camden, South Carolina, mwezi Agosti, wanamgambo walitupa bunduki zao nyingine zikiwa na risasi ndani, wakakimbia. Morgan akapewa ubrigedia jenerali, akatumwa magharibi ya South Carolina na kikosi kidogo. Waingereza wakamtuma Banastre Tarleton kumsaka, kijana wa miaka 26 mwenye watu wapatao 1,100 na sifa ya kutosamehe.

Tarehe 16 Januari 1781 Morgan alisimama mahali paitwapo Cowpens, maana yake mazizi ya ng'ombe. Wafugaji walikusanya ng'ombe wao pale kabla ya kuwapeleka sokoni, na ng'ombe walikuwa wamekula vichaka vyote, ikabaki miti mirefu na nyasi. Nyuma yake, mwendo wa kilomita nane hivi, kulikuwa na mto Broad uliofurika. Mwanajeshi yeyote aliyesoma vitabu angekwambia huo ni mtego. Morgan alijitetea baadaye kwamba hakutaka wanamgambo waone mahali pa kukimbilia.

Lakini kazi yenyewe aliifanya usiku. Baridi ilikuwa kali, mioto imewashwa kila mahali, na yeye, na kiuno chake, akawa anachechemea kutoka moto huu hadi ule. Thomas Young, kijana mdogo aliyekuwepo, alieleza uzeeni jinsi jenerali alivyoketi na vijana, akawasaidia kufunga panga zao, akawatania kuhusu wachumba wao, na kuwaambia kwamba asubuhi dereva mzee wa gari atampigia Tarleton mjeledi wake. Aliwaonyesha mgongo. Na ombi lake lilikuwa dogo: wainue vichwa, wapige risasi tatu, kisha wako huru, na wakirudi nyumbani wazee watawabariki na wasichana watawabusu.

Ombi hilo lina akili nyingi kuliko linavyoonekana. Makamanda waliomtangulia walimwambia mkulima mwenye bunduki ya kuwindia asimame kama askari wa kudumu aliyefunzwa miaka miwili, halafu wakamlaani alipokimbia mbele ya singe. Morgan alijua mtu yule anaweza nini na hawezi nini. Anaweza kulenga. Hawezi kungoja singe, na hana singe ya kujibu. Basi mpe kazi anayoiweza, mwambie ikomee wapi, na umwonyeshe njia ya kuondokea. Kukimbia kwenyewe kukawa sehemu ya mpango.

Tarleton aliwaamsha watu wake usiku wa manane, wakatembea gizani na matumbo matupu, wakashambulia alfajiri bila kupumzika. Mstari wa kwanza wa Morgan, wadunguaji wachache, ukapiga ukarudi nyuma. Mstari wa pili, wanamgambo wa Andrew Pickens, ukapiga maofisa kwanza kama walivyoagizwa, ukarudi nyuma. Waingereza walidhani ni Camden nyingine, wakashangilia na kuanza kukimbia ovyo. Nyuma ya kilima wakakutana na mstari wa tatu, askari wa kudumu wa John Eager Howard.

Hapo mpango uliharibika, na ndipo ninapomwona Morgan akiwa jenerali kwelikweli. Howard aliamuru kampuni ya kulia igeuke kuzuia Waskoti wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakiwazunguka. Amri ikaeleweka vibaya, kampuni ikageuka na kuondoka, nyingine zikaifuata, mstari mzima ukawa unarudi nyuma. Morgan akaja mbio akiuliza kama wameshindwa. Howard akamwonyesha: watu wanaotembea kwa mpangilio namna ile hawajashindwa. Morgan akatangulia juu ya farasi, akachagua mahali pa kusimamia. Waingereza wakawa wanawajia mbio, safu zimevunjika. Kwa ishara, mstari ukageuka na kufyatua wakiwa wamebaki hatua thelathini au pungufu, kisha ukaingia na singe. Wakati huohuo wapanda farasi wa William Washington (si George, rais wa baadaye) walipiga upande mmoja, na wanamgambo wa Pickens, wale waliodhaniwa wamekimbia, wakazunguka kilima na kutokea upande wa pili.

Haikufika saa moja. Waingereza walipoteza watu 110 waliokufa na mamia waliotekwa, baadhi yao wakiwa na majeraha. Kwa upande wake Morgan aliripoti waliokufa 12 na majeruhi 60. Tarleton alitoroka na wachache. Morgan alimwandikia rafiki yake wa Virginia, kwa tahajia yake ileile, kwamba amempa mtu yule kipigo cha kishetani.

Usiniruhusu nimpambe, lakini. Mwezi mmoja baadaye, akiwa njiani kurudi nyumbani, alimwandikia mkuu wake Nathanael Greene ushauri juu ya pigano lijalo. Wanamgambo wawekwe katikati, na nyuma yao wawekwe watu maalumu wenye amri ya kumpiga risasi wa kwanza atakayekimbia. Ni yuleyule wa "risasi tatu mko huru". Nafikiri alijua Greene hana ulimi wa kukaa motoni na vijana, kwa hiyo akampa dawa ya pili.

Tena iko orodha ya ngawira katika taarifa yake ya Cowpens, ambayo nawasomea wanafunzi wangu kila mwaka bila kuongeza neno. Mizinga miwili, bendera mbili, bunduki 800, karakana moja ya uhunzi ya kusafiri, magari 35, watu weusi 70, farasi wa vita zaidi ya 100, na vyombo vyote vya muziki. Wamekaa hapo, kati ya magari na farasi. Aliyeandika alikuwa na alama za viboko mgongoni.

Kilichomrudisha nyumbani mwezi Februari 1781 kilikuwa kiuno na bawasiri. Hakuweza hata kukaa juu ya farasi. Kwa hiyo wakati Cornwallis, jenerali wa Waingereza, anasalimu amri Yorktown, mwezi Oktoba, mshindi wa Cowpens alikuwa nyumbani, akiugua ugonjwa wa babu yako.

Njia zao ziliachana hapo. Babu yako alilikuta jembe. Morgan alikuta nyumba ya mawe ya chokaa ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1779, kwa masimulizi ya pale, kwa mikono ya mateka wa Kijerumani waliotekwa wakipigania Uingereza. Akaiita Saratoga. Ipo hadi leo karibu na mji mdogo wa Boyce. Akaingia ubia na jirani yake tajiri, Nathaniel Burwell, wakajenga kinu cha kusagia ngano kwa nguvu ya maji huko Millwood, nacho pia kipo na mawe yake huzungushwa mpaka sasa kwa ajili ya wageni. Tazama alivyosogea. Zamani alibeba unga wa wengine, sasa wengine walileta ngano kwake.

Nayo ardhi. Jimbo la Virginia halikuwa na fedha za kuwalipa wapiganaji wake, likawalipa kwa hati za ardhi ya magharibi, ng'ambo ya milima. Jenerali alipata hati kubwa, askari wa kawaida akapata ndogo. Askari mwenye njaa hawezi kungoja ardhi ya porini ipimwe, kwa hiyo hati nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa kwa waliokuwa na fedha mkononi. Inahesabiwa kwamba madai ya ardhi ya Morgan yalifikia wakati fulani ekari 250,000. Nyingi hakuwahi kuzikanyaga. Ndiyo maana nimeandika "mkulima wa karatasi" kwenye kichwa cha habari.

Ubunge sasa. Ulipitia kwenye wiski.

Mwaka 1791 serikali mpya iliweka kodi juu ya pombe kali. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania waliona wamekabwa koo. Walilima rai, nafaka ya jamii ya ngano, na soko lilikuwa mashariki, ng'ambo ya milima. Farasi mmoja alibeba rai kama kilo mia tu, na gharama ya safari ilikula faida yote. Lakini ukiipika wiski, farasi yuleyule anabeba nguvu ya nafaka mara sita. Wapika gongo wa kwetu wanaielewa hesabu hii bila mwalimu. Kodi ilidaiwa fedha taslimu, na fedha taslimu ndiyo hawakuwa nayo. Hakuna jenerali Marekani nzima aliyejua gharama ya kuvusha mzigo mlimani kuliko Morgan.

Mwezi Julai 1794 walichoma nyumba ya mkaguzi wa kodi, John Neville, karibu na Pittsburgh. Mtoto wa Neville, Presley, alikuwa ameoa Nancy, binti wa Morgan. Wakulima walimkamata kwa muda, kisha wakamfukuza mjini. Rais Washington akaita wanamgambo karibu 13,000, na Morgan akaja na cheo cha meja jenerali wa Virginia. Walipofika hapakuwa na jeshi la kupigana nalo. Wachache walikamatwa, wawili wakahukumiwa kwa uhaini na Washington akawasamehe. Morgan akabaki kule na kikosi cha zaidi ya watu elfu moja hadi mwaka 1795, kulinda amani.

Wasomi huvutana kama alisaliti tabaka lake. Mimi sioni usaliti. Mwaka 1794 tabaka lake lilikuwa la wenye hati, na hati haina thamani bila serikali yenye nguvu ya kuilinda. Ongeza mkwe aliyefukuzwa na nyumba ya baba yake iliyochomwa, na hesabu inakamilika.

Aligombea Baraza la Wawakilishi mwaka 1795 akashindwa na Robert Rutherford. Aligombea tena mwaka 1797 akashinda. Ukitaka kujua mtu wa tahajia mbovu alipitaje, angalia jinsi walivyopiga kura. Virginia hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mwenye ardhi tu, mwanaume, tena mweupe, alipanda mbele ya meza, wagombea wameketi hapohapo, akataja kwa sauti anamchagua nani, karani akaandika, na mgombea akamshukuru kwa jina. Kukirimu wapiga kura lilikuwa jambo la kawaida. George Washington mwenyewe, wilaya hiyohiyo ya Frederick, mwaka 1758, aligharimia zaidi ya galoni 140 za vileo. Jaribu kumkataa mbele ya macho yake mzee aliyekubebea mizigo, aliyekusagia ngano, aliyekuongoza vitani, na mwenye medali ya dhahabu aliyopewa na Bunge. Elimu haikuwa na nafasi kubwa pale.

Ubunge wenyewe hauna mengi. Muhula mmoja, kuanzia Machi 1797 hadi Machi 1799, bunge likikaa Philadelphia. Alisimama upande wa Rais John Adams na chama cha Wafederali, waliotaka serikali kuu yenye meno. Chama hicho mwaka 1798 kilipitisha sheria ya kuwafunga wanaoiandika serikali vibaya, na wa kwanza kuonja jela yake alikuwa Matthew Lyon wa Vermont, mbunge mwenzake Morgan, naye aliyewahi kuwa mkulima na askari. Morgan aliugua sehemu kubwa ya muda wake na hakugombea tena. Kama maelezo uliyoyasoma yamelipa neno "mbunge" uzito sawa na "askari", yamempendelea.

Alifariki Winchester tarehe 6 Julai 1802. Miezi michache kabla, Bunge lilikuwa limefuta kodi ya wiski.

Kuhusu kaburi, ulivyotaja medali ya babu yako nimekumbuka. Mwaka 1951 watu wa mji wa Cowpens, South Carolina, walitaka kuyachukua mabaki ya Morgan wakayazike kwao, penye ushindi wake. Watu wa Winchester, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wamelijali sana kaburi lenyewe, waliamka kwa hasira na kukimbilia mahakamani. Zuio likatolewa. Yuko Mount Hebron, makaburi ya Winchester, hadi leo, ambako mahakama ya wilaya ya Frederick ilimzoea kwa makosa ya baa.